p53 inashikaje jeni?

Dadangu, umeuliza p53, protini inayozuia uvimbe, inawezaje kuwasha au kuzima jeni. p53 huishika DNA yenyewe. Molekuli zake nne zinajiunga, zinakamata kipande maalum karibu na jeni, halafu zinavuta vimeng'enya vya unukuzi, yaani vya kunakili jeni kuwa RNA. DNA ikiharibika, jeni ya p21 huwashwa, na protini yake husimamisha mgawanyiko wa seli. p53 huwasha pia jeni ya MDM2, ambayo protini yake nayo huifanya p53 ivunjwe, kwa hiyo hatari ikishapita, kiwango cha p53 hushuka. Hapo wengi huteleza, wewe usiteleze kwenye mtihani wenu wa Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi.

RB, protini nyingine inayozuia uvimbe, ni hadithi nyingine. Yenyewe huibana E2F, protini inayowasha jeni, na jeni za kunakili DNA zinabaki zimezimwa.

Sasa, virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, vinavuruga zote mbili kwa protini zake E6 na E7: E6 husababisha p53 ivunjwe, E7 huiondoa RB kwenye E2F. Seli za mlango wa kizazi zinaanza kugawanyika bila breki. Ile chanjo ya HPV ambayo wasichana wetu wa Kenya wa miaka 10 walianza kupewa 2019 huzuia maambukizi kabla jeni za E6 na E7 hazijaingia selini.