Tiketi ya kurudi huulizwa Dar, si Manila

SWALI: Shikamoo Mama Nyemo. Rafiki yangu amenialika Manila, Ufilipino. Kwa kuwa Mtanzania haombi viza kwa siku 30, nimekata tiketi ya kwenda tu. Ya kurudi nitakata nikishajua nakaa hadi lini. Shemeji anasema nitarudishwa. Ni kweli?
Msomaji, Kizota, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Shemeji msikilize, ila hapo kwenye kurudishwa kakosea: hata kuondoka hutaondoka. Utakwamia Dar, pale kaunta ya mizigo. Abiria akikataliwa kuingia nchi ya watu, shirika lililomleta ndilo humrudisha, na mara nyingine hutozwa faini juu. Ndiyo maana binti wa kaunta anakuhoji utadhani afisa uhamiaji. Hizo siku 30 Ufilipino huzitoa kwa mwenye tiketi ya kurudi au ya kuendelea nchi nyingine, na pasipoti yenye uhai wa miezi 6 zaidi ya muda utakaokaa.

Mimi yalinikuta, safari nyingine na nchi nyingine. Nilitolewa kwenye foleni na begi langu lenye karanga za Kongwa, nikanunua tiketi kwa simu nimechuchumaa sakafuni. Bei yake mume wangu hajaambiwa mpaka leo.

Si lazima tiketi ikurudishe Dodoma. Ya Manila kwenda Singapore inatosha, mradi na huko unaruhusiwa kuingia. Tarehe usiibane siku ya 30. Weka ya 26 au 27. Tafuta inayokubali kubadilishwa tarehe au kurudishiwa pesa, na masharti yasome kabla hujalipa. Wale wanaokuuzia "buking" ya bei chee, yaani nafasi iliyoshikiliwa tu bila tiketi kulipiwa, waache: kaunta wakiingiza namba wakakuta imeshafutwa, utaeleza nini?

Fomu ya eTravel, ile ya mtandaoni ya kujiandikisha kuingia Ufilipino, jaza ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure, akikudai mtu pesa umeingia tovuti siyo. Chanjo ya homa ya manjano, kama hujachoma, nenda wiki hii: kadi huanza kutambulika baada ya siku 10. Ukishaipata, tangu 2016 ni ya maisha.

Karatasi zote chapisha hapa hapa Dodoma. Na treni ya SGR ya kwenda Dar panda ya asubuhi hata kama ndege ni ya usiku. Ukikwama kaunta, hayo masaa utayahitaji.