Treni ikifika kwenye njia yako, usikimbilie kuuza basi

Simu ilikuja saa moja na nusu asubuhi. Konda wangu, ambaye saa hiyo kwa kawaida hana hata nafasi ya kujikuna, alikuwa na muda wa kupiga stori. "Bosi, gari halijai." Nikamuuliza kuna nini, mvua? Akasema hapana, watu wanapita tu, wanateremka kule kwenye reli. Treni ya abiria ilikuwa imeanza siku ileile, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba watapanda wiki moja kwa kuishangaa, halafu watarudi. Hawakurudi.

Wakati ule nilikuwa na mabasi mawili, yote kwenye barabara kuu inayokwenda sambamba na reli. Naandika haya kwa mtu wa aina yangu, mwenye gari moja au mawili na mkopo ambao haujaisha. Kampuni kubwa zina watu wa kuzifikiria.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kushusha nauli. Linaonekana jambo la akili: wao rahisi, na wewe kuwa rahisi. Lakini piga hesabu kabla hujabandika karatasi kwenye kioo. Wapangaji wa usafiri Marekani walitumia kwa miaka mingi kanuni ya Simpson na Curtin, inayosema nauli ikipanda kwa asilimia 3, abiria hupungua kwa asilimia 1 hivi. Igeuze. Ukishusha nauli kwa asilimia 10, unapata nyongeza ya abiria 3 au 4 kwa kila 100. Abiria 104 wanaolipa asilimia 90 ya nauli ya zamani wanakupa chini ya 94 ya zile 100 ulizokuwa ukipata. Umebeba watu wengi zaidi, umechoma mafuta yaleyale, na umeingiza pungufu. Utasema kanuni hiyo ni ya mji mzima, si ya gari moja linalogombania abiria na chombo kingine, na ni kweli. Ila mwenye treni mara nyingi ana serikali nyuma yake inayoziba pengo. Nyuma yako wewe yuko fundi anayekudai.

Na pengo lile nililiziba kwa njia ambayo naona aibu kuieleza: nilichelewesha matengenezo. Nilishtuka siku dereva aliponiambia breki zinalia chuma kwa chuma. Nauli ikarudi pale ilipokuwa wiki ileile.

Kosa la pili lilikuwa mbio, na hilo halihitaji maelezo marefu. Treni haikai kwenye foleni.

Kilichonisaidia kilikuwa daftari. Asubuhi nne mfululizo nilikaa nje ya lango la stesheni moja, na jioni nne nyingine, nikihesabu watu wanaotoka na wanakoelekea. Kama hutafanya lingine lolote katika haya ninayoandika, fanya hili. Mtu akikaa ndani ya basi lake anaona viti vitupu tu. Akikaa langoni anawaona abiria wake wa zamani, wote, wakitembea kwa miguu.

Niliona mambo mawili. La kwanza, treni humwaga watu kwa mafungu. Mamia wanatoka ndani ya dakika mbili tatu, kisha kimya, unabaki wewe na mlinzi. Sisi wa mabasi tumezoea abiria wa kudondoka mmojammoja, gari linajaa taratibu huku konda anaita. Pale langoni, gari likifika dakika nne baada ya treni, limekuta watu wameshatawanyika: wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu. La pili, wengi walikuwa wanakwenda mbali na reli, upande ambao hakuna basi lililowahi kwenda, kwa sababu sote tulikuwa tumebanana kwenye barabara kuu tukigombea njia moja.

Basi moja nikalihamisha. Badala ya kukimbia sambamba na reli, likawa linaikata: kutoka makazi ya upande mmoja, kupitia stesheni, hadi hospitali upande wa pili. Hospitali sikuichagua kwa huruma. Basi la kupeleka watu stesheni asubuhi lina ugonjwa wake: linakwenda limejaa na kurudi tupu. Ukipata mahali panapovuta watu upande wa pili wa stesheni, penye zamu na wageni wa kutembelea wagonjwa, gari halirudi tupu kabisa. Shule na soko hufanya kazi hiyo pia, isipokuwa shule zikifunga unaumia.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu zaidi kulielewa. Mwezi wa kwanza asubuhi zilikuwa mbaya na sikujua kwa nini. Gari lipo, saa inafahamika, watu wanatuona, lakini hawapandi. Konda ndiye aliyemuuliza abiria mmoja, akajibiwa: "Nikija na ninyi asubuhi, usiku nitarudi na nani?" Dereva wangu alikuwa akifunga kazi mapema, kabla ya treni mbili za mwisho, kwa sababu saa hizo wanashuka watu wachache. Kwa hesabu ya tripu moja alikuwa sahihi. Lakini mtu anayefanya kazi hadi jioni hajui atatoka na treni ipi. Akijua kwamba akichelewa atatembea gizani, anaona bora ajipange tangu asubuhi na usafiri mwingine. Kwa kuokoa mafuta ya tripu mbili za usiku nilikuwa napoteza tripu tatu za alfajiri. Tulipoanza kuisubiri treni ya mwisho, hata ikileta watu sita, asubuhi zilianza kujaa ndani ya wiki chache. Wale sita hawalipi mafuta ya tripu yao. Wanalipiwa na wale wa saa kumi na mbili asubuhi.

Hapo ikabidi nibadilishe na malipo. Tulikuwa na utaratibu ule wa kawaida: dereva analeta hesabu ya siku, kinachozidi ni chake. Utaratibu huo unamfundisha dereva kitu kimoja, asiondoke mpaka gari lijae. Kwenye barabara kuu ulikuwa na maana. Kwenye stesheni unaua biashara, kwa sababu abiria aliyeteremka kwenye treni ameshasafiri, amechoka, na kila dakika anayokaa ndani ya gari lililosimama anaihesabu mara mbili. Hata wataalamu wanaopima mambo haya huipa dakika ya kusubiri uzito wa karibu mara mbili ya dakika ya kuwa njiani. Nikamweka dereva kwa mshahara, na kiasi kidogo juu kwa kila tripu iliyoondoka kwa saa yake. Alinuna mwezi mzima. Konda akanunua saa ya mkononi kwa hela yake, nikajua somo limeingia.

Kuhusu treni kuchelewa: tuliweka dakika tano. Treni ikichelewa chini ya hapo, tunasubiri. Ikizidi, tunaondoka, kwa sababu hospitalini nako kuna watu wanaotusubiri. Konda husimama pale anapoweza kusikia tangazo la stesheni, dereva anabaki kwenye usukani.

Basi la pili nililiacha barabara kuu, na wenzangu walinicheka. Lakini fikiria umbali. Wapangaji wengi huchukulia kwamba mtu yuko tayari kutembea kama mita 400 kufuata basi na kama mita 800 kufuata treni. Stesheni zikiachana kilomita 2, mtu aliye katikati yake yuko kilomita nzima kutoka stesheni ya karibu. Huyo bado ni wako. Bado ni wako mwenye mzigo, mzee asiyeweza ngazi za daraja la kuvukia reli, na yule anayekwenda vituo vitatu tu. Huyu wa vituo vitatu nilikuwa namdharau, kumbe ndiye mwenye faida: akishuka, mwingine anakaa palepale. Kwenye safari moja siti ileile niliiuza mara tatu, wakati zamani mtu mmoja aliikalia tangu mwanzo hadi mwisho. Saa za msongamano basi hilo lilipungukiwa, saa za mchana lilifanya vizuri kuliko lile la stesheni. Kwa hiyo usihame na gari zote kwa mara moja.

Wenye mamlaka makubwa kuliko sisi wamewahi kuhamisha kila kitu siku moja. Santiago, Chile, ilibadilisha mtandao wake wote wa mabasi Februari 2007, njia nyingi za moja kwa moja zikakatwa ili zilete abiria kwenye metro, yaani treni ya mjini. Watu walijaa vituoni, metro ikabeba kuliko uwezo wake, na hasira za wananchi zikaisumbua serikali kwa muda mrefu.

Newcastle, Uingereza, wanafundisha upande wa pili wa jambo hilo. Metro yao ilipofunguliwa mwaka 1980, mabasi yalipangwa upya yaishie stesheni na abiria amalizie kwa treni, tiketi moja. Ulikuwa mpango mzuri. Oktoba 1986 sheria mpya ikafungulia ushindani wa mabasi nje ya London, na kampuni zikarudisha mabasi yanayokwenda moja kwa moja mjini, na wapo abiria walioyafuata. Sikukuletea mfano huu ili ukashindane. Nataka uone kwamba kubadilisha chombo ni kero, hata tiketi ikiwa moja, hata paa la kituo likiwa zuri. Kama una njia inayompeleka mtu mlangoni kwake bila kushuka, na stesheni iko mbali na mlango huo, usiiache kwa sababu tu umesikia treni inakuja. Pima kwanza.

Mambo madogo niyapitie haraka. Usikope kununua basi kubwa zaidi; njia za kulisha stesheni ni nyembamba na gari dogo linaloondoka mara nyingi linashinda kubwa linalosubiri kujaa. Bandika saa za kuondoka kwenye kioo cha mbele, kwa maandishi makubwa, na zisibadilike kila wiki. Omba sehemu ya kupaki ndani ya eneo la stesheni kwa barua. Mimi niliandika tatu, sikujibiwa hata moja, lakini nakala zenye muhuri wa kupokelewa zilinisaidia siku askari aliponiuliza nimeruhusiwa na nani kusimama pale. Na usijiunge na wanaotaka kuziba lango la stesheni kwa magari. Wenzetu walifanya hivyo asubuhi moja. Abiria walipita katikati ya magari yale wakiwatazama madereva usoni.

Halafu kuna siku treni itakapogoma. Itagoma, reli zote zina siku hizo. Ilipotokea mara ya kwanza tulikuwa na umati ambao sikuwahi kuuona, watu wakining'inia mlangoni, na mimi nyumbani nikifurahi kwenye simu. Jioni nikaletewa fedha nyingi kuliko kawaida, nyingi mno. Konda alikuwa amepandisha nauli mara mbili bila kuniuliza. Nilimgombeza, lakini sikurudisha kitu, ningemrudishia nani?

Kesho yake treni ilifanya kazi, na sisi tulikuwa pale langoni kwa saa yetu. Yupo mama mmoja, muuguzi, aliyekuwa akipanda kila siku, siti ya nyuma ya dereva, nauli kamili mkononi tangu akiwa ngazini. Siku hiyo hakupanda. Alisimama chini, pochi imefungwa, akamwangalia konda.

"Mwanangu, leo ni ile ile, au ni ya jana?"

Alituuliza hivyo kila asubuhi kwa karibu miezi miwili.