Fort Jesus: tikiti ya siku au kadi ya mwaka?

Swali: Ndugu Mhariri, likizo hii twataka kuwapeleka wanetu watatu Fort Jesus, ile ngome ya Wareno hapa Mombasa. Jirani aniambia nichukue kadi ya uanachama, eti nitaingia bure mwaka mzima. Ni kweli? Na tukifika tuanze wapi? Safari iliyopita tulizunguka juani, tukatoka hatujui tulichokiona.
*Mzazi, Kisauni*

Jibu: Jirani hakukosea, ila amekufupishia. Kadi hiyo haitolewi langoni. Hutolewa na Kenya Museum Society, chama cha wapenzi wa makumbusho kilichoanzishwa 1971, chenye ofisi katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mwanachama huingia bila tikiti katika makumbusho na magofu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kabla ya kulipa waulize mawili: kadi ya familia hufika watoto wa umri gani, na ni maeneo gani ya Pwani hayamo.

Kisha jumlisha tikiti zenu nyote za siku moja, ugawe ada ya mwaka kwa jumla hiyo. Ukipata 3, safari ya nne ndiyo ya bure. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kadi yako itachelewa kurudisha pesa zake. Kwa Fort Jesus peke yake, kata tikiti tu. Lakini kama mwaka huu mtafika pia Jumba la Mtwana pale Mtwapa, Mnarani Kilifi na Gede, hapo kadi ina maana. Mtembeza wageni hulipwa kando; patana naye kabla hajafungua kinywa.

Tikiti hulipiwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, basi simu iwe na chaji. Beba kitambulisho, kwani ndicho kinachokuthibitisha kuwa raia.

Mlichokosea juzi, tunadhani, ni kukimbilia kuta na mizinga kwanza. Fikeni asubuhi, muanze na ukumbi wa maonyesho, nusu saa tu. Tafuteni vitu vya Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama baharini chini ya ngome 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977. Waelezeni watoto kwamba mzingiro huo ulichukua miezi 33, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wakitoka nje hapo, kila ukuta una habari yake. Waambieni pia kwamba ngome hii, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Watoto hulipenda hilo kuliko wafalme wote.

Nyumba ya Kiomani, iliyomo ngomeni humo, iacheni mwisho, jua likishakuwa kali, kwani ina kivuli na upepo. Viatu viwe vya kufunga: mawe ya matumbawe yaliyosuguliwa na nyayo huteleza, na juu ya kuta mtoto ashikwe mkono.