Betri ya Baiskeli ya Umeme Yenye Nguvu: Majibu kwa Wasomaji

Nimefunga mota ya wati 3,000 na kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) ya volti 72 kwenye baiskeli yangu. Muuzaji ananiambia betri yoyote ya volti 72 itafaa. Ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

Si kweli, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha zao. Volti ni sharti la kwanza tu. Sharti zito zaidi ni ampea ambazo betri inaweza kuzitoa mfululizo bila kudhurika. Wati 3,000 ukizigawanya kwa volti 72 unapata ampea 42 hivi, na unapopanda mlima au unapoondoka ukiwa na mzigo, kontrola huvuta zaidi ya hapo, hadi kufikia kikomo chake. Ikiwa kikomo hicho ni ampea 60, tafuta betri inayotoa ampea 60 au zaidi mfululizo, si ile inayozifikia kwa sekunde chache. Betri yenye ujazo wa ampea-saa 20, na seli zinazoruhusu ampea zisizozidi namba ya ujazo huo, itatoa ampea 20 kwa usalama. Ukiilazimisha kutoa 60, volti zitaporomoka, seli zitapata joto, na bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri itakata umeme katikati ya mlima huku lori likikufuata nyuma. Muuzaji asiyeweza kukutajia ampea za mfululizo, mwachie betri yake.

Aidha, "volti 72" ni kiwango cha wastani. Pakiti ya seli 20 za lithiamu zenye nikeli ikijaa hufika volti 84, na ile ya seli 24 za lithiamu zenye fosfeti ya chuma hufika 87.6, kwa hiyo soma kwanza kiwango cha juu ambacho kontrola yako inastahimili.

Betri ya volti 72 na ampea-saa 30 itanifikisha kilomita ngapi?

Zidisha 72 kwa 30, upate wati-saa 2,160. Baiskeli nzito inayokwenda kasi ya pikipiki inaweza kula wati-saa 35 kwa kilomita. Ukiacha akiba ya asilimia 15, unabaki na kilomita 50 na ushei. Ukipunguza kasi utakwenda mbali zaidi, kwa sababu upinzani wa hewa hupanda upesi kuliko kasi yenyewe.

Nichague seli za nikeli au za fosfeti ya chuma? Ninabeba abiria Mombasa.

Kwa kazi ya kila siku katika joto la pwani, ningechagua fosfeti ya chuma. Ni nzito na huchukua nafasi kubwa zaidi, lakini hustahimili mizunguko mingi zaidi ya chaji na si rahisi kushika moto. Seli za nikeli zinamfaa mwenye fremu nyembamba anayetaka wepesi. Ukichukua fosfeti ya chuma, usitegemee kipimo cha volti kujua chaji iliyobaki, kwani volti zake hubaki karibu palepale kwa muda mrefu, kisha hushuka ghafla.

Je, betri sita za asidi za volti 12 hazitaniokolea gharama?

Kwa siku ya kununua tu. Zina uzito mkubwa, ujazo wake hupungua zinapovutwa ampea nyingi, na zikiisha chaji mara kwa mara huchoka mapema.

Kaka yangu anarudi kutoka Dubai kwa ndege. Anaweza kuniletea betri ya lithiamu ya volti 72 na ampea-saa 30 ndani ya begi?

Hawezi. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 katika mizigo ya msafiri, iwe ya mkononi au ya kukabidhiwa, na hii yako ni zaidi ya mara kumi na tatu ya kiwango hicho. Aitume kwa meli kupitia wakala anayepokea bidhaa za hatari, akiitaja wazi kwenye hati kuwa ni betri ya lithiamu.