Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea picha za satelaiti

Mwanangu Zuhura,

Hujambo mama? Unaniuliza kuna haja gani ya kukaa darasani ukisomea masta ya picha za satelaiti na mifumo ya taarifa za kijiografia, wakati picha ni za bure, programu ya kuchora ramani ya QGIS ni ya bure, na mafunzo yamejaa mtandaoni.

Nenda kasome.

Picha ni za bure kweli. Za Landsat, satelaiti za Marekani, ziliachiwa bure 2008, na Sentinel-2, satelaiti za Ulaya zinazopiga picha kwa mwanga wa jua, hupita kila baada ya siku 5. Lakini chukua kwetu Rufiji wakati wa masika, mto ukifurika. Wingu limetanda, Sentinel-2 haioni kitu. Utakimbilia nduguye, Sentinel-1, maana rada yake hupenya mawingu, usiku na mchana. Humo maji yaliyotulia huonekana meusi, kwa kuwa mawimbi ya rada yakigonga uso laini hutupwa mbele, hayarudi kwenye satelaiti. Anayejua kubonyeza tu atakusanya kila penye weusi, aite mafuriko, na jioni hiyo hiyo ramani iko tayari. Barabara ya lami nayo nyeusi, kaihesabu. Kumbe maji yaliyosimama katikati ya mashina ya miti au mpunga mara nyingi hung'aa: wimbi hugonga maji, likadunda kwenye shina, likarudi lilikotoka. Watu waliozingirwa na maji huko watasomeka wako pakavu, na boti ya msaada itapelekwa kwingine. Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la mpaka wa kiwanja nililowahi kulishuhudia kazini.

Kwa hiyo usichague chuo kwa jina. Iwe Ardhi pale Dar, iwe ITC ya Enschede, Uholanzi, iliyoanzishwa 1950, angalia kama watakufundisha fizikia ya rada, takwimu na kuandika programu kwa Python, na kama watakutoa nje ukahakiki ramani yako kwa miguu. Chuo kisichokutoa nje kiache.

Tasnifu ifanyie Rufiji. Beba GPS, waulize wazee maji yalifika wapi, tazama alama za tope kutani, kisha linganisha na picha ya siku ile. Wanakufahamu, watakuonyesha.

Nitumie orodha ya masomo ya kila chuo kabla hujajaza fomu. Ada nitazungumza na mama yako.

Baba yako