Skrini nyeusi na waifai kupotea baada ya kusasisha Linux: usifomati kwanza

Ndugu, umesema laptopu yako ya HP ya mtumba uliisasisha juzi hapo Bukavu, na tangu siku hiyo inaishia kwenye skrini nyeusi. Ukibahatika kuingia, waifai haionekani kabisa. Unauliza kama ufomati. Ngoja kwanza.

Mimi yalinipata hayohayo nikiwa nyumbani Kadutu, natumia Linux Mint. Nilikuwa nasasisha jioni, umeme ukakatika, na betri ya laptopu yangu ni betri kwa jina tu. Umeme uliporudi nikawasha: weusi mtupu, na kistari kinapepesa pembeni juu kushoto. Yaya mmoja (kaka mkubwa, kwa Kiswahili cha kwetu), fundi ninayemheshimu, akaniambia kadi ya skrini imeungua, na ya waifai nayo pia. Zote mbili, jioni moja? Hapo nikashindwa kuamini.

Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya NVIDIA, yaani ya kadi ya skrini, na ile ya Broadcom, ya kadi ya waifai, inayokuja na kifurushi cha bcmwl-kernel-source, haziko ndani ya kerneli, kile kiini cha Linux. Iko programu inaitwa DKMS ambayo huzijenga upya kila kerneli mpya inapoingia. Ujenzi ukikatika njiani, kerneli mpya inawaka bila hata moja. Ile kerneli ya zamani bado ipo kwenye diski na draiva zake zote.

Kwa hiyo anzia huko. Washa mashini ukigonga Esc (kwenye mashini za zamani unashikilia Shift) mpaka menyu ya GRUB (programu inayowasha Linux) itokee, chagua Advanced options, halafu kerneli yenye namba ndogo. Ikifunguka vizuri na waifai ikarudi, basi hakuna kilichoungua.

Mimi sikulijua hilo. Nilisoma mahali kwamba niongeze neno nomodeset, linaloiambia kerneli itumie skrini ya kawaida bila draiva ya kadi, nikabonyeza e kwenye GRUB, nikaliandika mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, nikabonyeza F10. Weusi uleule. Nikarudia mara tatu, kila mara nikilaumu kadi. Mara ya nne ndipo nilipoangalia nilichoandika: no;odeset. Mashini zetu nyingi zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, kibodi ni AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa), lakini GRUB inasoma kama QWERTY, ule wa Kiingereza. M unaipata kwenye kitufe chenye koma. A na Q zimebadilishana, Z na W vilevile. Nikaandika kwa vidole vya kupapasa, ikafunguka, picha kubwa kubwa kama za simu ya mtoto, lakini ikafunguka.

Ukiwa ndani, fungua terminali uandike:

dkms status
lspci -nnk

Kwangu dkms ilionyesha mistari ya kerneli ya zamani tu, ya mpya haikuwepo. Kwenye lspci tafuta kadi ya waifai na namba yake: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 8086 ni Intel. Ikikosekana chini yake "Kernel driver in use", draiva haijapakiwa. Kama ipo na bado hakuna mtandao, piga rfkill list, inayoonyesha kama waifai imezimwa. Huenda ulibonyeza kitufe cha ndege bila kujua.

Halafu malizia kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall

Ikihitaji intaneti, chomeka simu kwa waya wa chaji na washa kushiriki mtandao kwa USB. Linux inaitambua simu bila draiva yoyote ya ziada. Zitakazoliwa ni mega zako tu. Angalia kitu kimoja hapo: uname -r inataja kerneli unayoitumia sasa. Ukiwa umeingilia ile ya zamani, utaweka heda (mafaili ambayo DKMS inayahitaji kujenga draiva) za ile ya zamani na kurudi palepale. Hapo andika namba ya ile mpya mwenyewe, kisha uingie nayo kwa nomodeset kabla ya autoinstall.

Secure Boot (ulinzi wa mashini unaokagua kinachowashwa) ikiwa imewashwa, unaweza kuombwa uweke nenosiri, na ukiwasha tena skrini ya bluu itakuuliza nenosiri hilohilo. Chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa draiva), usiipite. Na kibodi huko nako ni QWERTY! Tunga neno lenye herufi ambazo hazihami, kama kivukivu. Linatumika mara moja tu, kwa hiyo usihangaike na ugumu wake.

Yangu iliwaka saa nne usiku, skrini safi, waifai juu.

Kama mstari wa kerneli mpya bado hautokei kwenye dkms status, niandikie mistari yenyewe neno kwa neno. Picha ya skrini nyeusi hainisaidii.