Kayaki inalala ubavu nikitia nanga: nifanyeje?

SWALI: Assalaam aleikum nahodha. Nina kayaki ya plastiki ya mtu mmoja, navua chewa kwa mshipi hapa Lamu, ukingoni mwa mikoko upande wa Manda. Nikiiacha ielee, mkondo unanipitisha kabla chambo hakijafika chini. Nikitia nanga inalala ubavu, na Jumamosi nusura nipinduke. Kamba naifunga kwenye mpini wa katikati, karibu na mkono. Ninunue nanga nzito zaidi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. La, usinunue. Nanga haina kosa, kosa ni pale ulipofunga kamba, na tafadhali usirudi majini kabla hujaparekebisha.

Chombo kilichofungwa katikati hupokea mkondo kwa urefu wake wote. Maji yanapanda ubavuni, na kamba nayo inauvuta ubavu uleule chini. Nanga nzito itazidisha hayo kwa sababu haitaburuka. Nilimwona kijana mmoja yakimpata: kamba ilitetema, ukingo wa kayaki ukagusa maji, na kabla sijamwita tumbo la kayaki lilikuwa juu. Alipona kwa kuwa alivaa jaketi okozi.

Kamba ya nanga ivutie omo (mbele ya chombo) au tezi (nyuma), basi. Lakini huwezi kutambaa hadi omo ukiwa umekaa, kwa hiyo funga kapi dogo (kigurudumu cha kupitishia kamba) omo na jingine tezi, upande mmoja wa kayaki, upitishe kamba nyembamba ya kuzunguka yenye pete. Kamba ya nanga ipite petini. Ukishashusha nanga, vuta ile ya kuzunguka mpaka pete ifike omo. Mkondo ukiwa mpole waweza kuipeleka tezi, ukatupa mshipi mbele yako bila kujipinda. Mkondo ukiwa na nguvu, omo tu.

Mwisho wa kamba usiufunge fundo la kufa. Uwe na boya, na fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Boti ya mashine ikikujia, au chewa akikukokota, unaachia kila kitu na kurudi baadaye kuchukua boya lako. Kisu kiwe kifuani, si ndani ya mfuko.

Nanga ya kukunja ya kilo 1.5 yatosha kwa kayaki. Mnyororo wake ufunge kitakoni, kisha uushikize kichwani kwa uzi dhaifu. Ikinasa mwambani, vuta kwa nguvu: uzi utakatika na nanga itatoka kinyumenyume. Kamba iwe mara 3 hadi 5 ya kina, yaani mita 4 za maji zinataka mita 12 hadi 20.

Sasa maji yenyewe. Tazama mwezi wa Kiislamu: tarehe 1 na 15, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana, na mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda unapita kama mto. Tarehe 8 na 23 hivi ni maji mafu, mkondo ni mdogo, ndiyo siku zako. Hata siku hiyo, maji yakichukua saa sita kupwa, saa ya 3 na ya 4 hupitisha karibu nusu ya maji yote. Usitie nanga saa hizo. Vua nusu saa kabla na baada ya maji kusimama. Msimu wa kusi usisogee karibu na mdomo wa mlango huo pale Shela maji yakipwa, kwani upepo unaingia huku maji yanatoka, na mawimbi husimama wima.

Chewa hapendi kukimbiza windo mbali. Maji yanapoanza kupwa, uduvi na samaki wadogo hutoka kwenye mikoko, naye huwangoja mdomoni mwa mkono wa maji. Tia nanga upande mkondo unakotoka, hatua kama kumi kutoka hapo, uteremshe ngisi polepole umfuate. Akishika, mita mbili za kwanza ndizo zote: mnyanyue kutoka chini mara moja, maana akiingia pangoni hutoi kitu. Mshipi usiuzungushe mkononi kamwe. Kayaki ni nyepesi, samaki mkubwa huivuta yeye.

Jaribu kwanza maji ya kiunoni, na mwenzako asimame pembeni. Shusha nanga, vuta pete, uone omo linavyogeuka lenyewe kutazama mkondo.